Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maji: Naomba Majibu ya Vipimo Yabandikwe Mtaani

Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUBANDIKA MAJIBU YA VIPIMO VYA BAKTERIA WA KINYESI KATIKA OFISI ZA SERIKALI ZA MITAA, DAR ES SALAAM

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Natambua kwamba muda wako ni wa taifa zima, na kwamba mezani kwako kila siku yanafika mambo ya mabwawa, wakandarasi, mikopo na bajeti ambayo mimi sina elimu ya kuyasemea. Naomba radhi kwa kuukata muda huo. Naomba radhi mara ya pili kwa sababu shauri nililo nalo ni la kinyesi, na si adabu mtu kumletea mkubwa shauri la namna hiyo barazani, mbele ya watu. Ningeliona njia ya kulisema kwa kuzunguka, ningezunguka. Sikuiona.

Mimi ni mteknolojia wa maabara ya maji, sasa mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeitumia nikihesabu bakteria kwenye visahani, nikiandika idadi yao kwenye fomu, na kuipeleka fomu ofisini. Hapo ndipo namba ilipokuwa ikiishia. Mama aliyechota yale maji hakuwahi kuisoma, wala hakuwa na mahali pa kuiulizia. Kwa unyenyekevu mkubwa, Mheshimiwa, ombi langu ni moja: majibu ya vipimo vya bakteria wa kinyesi, kwa kila kisima kinachohudumia watu, kila gati la maji na kila eneo la bomba, yabandikwe kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, yakiwa na tarehe na mahali maji yalipochukuliwa.

Naomba unistahimilie nieleze namba hiyo inavyopatikana, maana wako wanaodhani ni kazi ya kubahatisha. Anayekwenda kuchukua sampuli hubeba chupa iliyopitishwa kwenye mvuke mkali mpaka hakuna kiumbe hai kilichobaki ndani. Kama maji yametiwa klorini, chupa huwekwa kwanza dawa ya kuizima klorini hiyo, isije ikaendelea kuua bakteria njiani tukapata majibu mazuri ya uongo. Mdomo wa bomba huunguzwa kwa moto, maji huachwa yatiririke kidogo, ndipo chupa hukingwa bila kidole kugusa shingo yake. Kisha inaingia kwenye barafu na safari inaanza. Inapendeza sampuli ifike maabara ndani ya saa 6. Foleni ya Barabara ya Mandela ikikushika mchana wa jua kali, na barafu ikayeyuka, kazi ya asubuhi nzima inaweza kuharibika.

Maabara, mililita 100 za maji hayo, ambazo hazifiki nusu ya kikombe cha chai, hupitishwa kwenye utando mwembamba wenye vitundu vya maikromita 0.45. Maji yanapita, bakteria wanabaki juu. Utando hulazwa kwenye kisahani cha duara chenye chakula chao, na kisahani huwekwa kwenye joto la nyuzi 44.5 kwa saa 24. Bakteria wengi wa kawaida wa majini na udongoni hawaliwezi joto hilo. Waliozoea tumbo la binadamu, la ng'ombe au la kuku wanalimudu; wanakula sukari ya maziwa iliyotiwa kwenye chakula kile, wanazaana, na kesho yake ukifunua kisahani unakuta vidoa vya buluu. Unashika lenzi mkono mmoja na kihesabio mkono wa pili, unahesabu. Vidoa 20, 40, hata 60 vinahesabika. Vikizidi hapo vinaanza kugusana, na viko visahani vinavyofunuliwa vikiwa buluu tupu kutoka ukingo hadi ukingo. Hapo fomu inaandikwa kwamba havihesabiki, na sampuli inarudiwa ikiwa imezimuliwa kwa maji safi mara kumi, mara mia, mara elfu, mpaka vidoa viachane.

Elimu hii si ngeni, Mheshimiwa. Bakteria maarufu kuliko wote wa kundi hili alielezwa mwaka 1885 na daktari wa watoto Theodor Escherich, huko Ujerumani, na baadaye alipewa jina la daktari huyo: Escherichia coli, kwa kifupi E. coli. Mwaka 1904 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, yuleyule ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake iliyofungua njia ya kugunduliwa kwa vitamini, alipendekeza joto litumike kuwatenga bakteria wa matumbo ya wanyama wenye damu moto na wale wengine. Tangu wakati huo kipimo kimeboreshwa, lakini msingi wake ni uleule.

Wengi wa bakteria hao wa buluu hawamdhuru mtu. Tunawahesabu kwa sababu ya waliotoka nao mahali pamoja: vimelea vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara damu, virusi vya homa ya ini, mayai ya minyoo. Kuwasaka hao mmoja mmoja katika kila kisima cha mji hakuna nchi inayoweza. Kolifomu za kinyesi, yaani hao wa buluu, ni rahisi kuzipima, ziko nyingi mno, na zikionekana zinatuambia kwamba kinyesi kimepata njia ya kuingia kwenye maji. Aliyeumwa jana anaweza kuitumia njia hiyohiyo leo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na hata mmoja katika mililita 100.

Najua wataalamu wako watakukumbusha, na watakuwa na haki, kwamba kipimo hiki kina mipaka. Katika nchi za joto, baadhi ya bakteria wanaostahimili nyuzi 44.5 huishi udongoni na kwenye majani bila kupitia tumbo la mtu; utafiti wa Roger Fujioka na wenzake huko Hawaii ulionyesha kwamba udongo wenyewe unaweza kuwalea na kuwamwaga mitoni mvua ikinyesha. Kwa hiyo ni bora kuhesabu E. coli peke yake kuliko kundi zima. Vilevile, maji kukosa E. coli si ushahidi kwamba hayana virusi, au vimelea kama kriptosporidiamu ambavyo klorini ya kawaida haiviwezi. Nakubali yote hayo. Ila maji yaliyokutwa na E. coli 300, hakuna mtaalamu atakayeshauri yapewe mtoto.

Sasa, kwa ruhusa yako, niingie Dar es Salaam yenyewe.

Mji huu una mabomba ya majitaka katikati, na sehemu ya majitaka hayo kwa miaka mingi yameishia baharini kwa bomba refu. Una mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Vingunguti na Kurasini. Lakini kaya zilizo nyingi sana hazijaunganishwa kokote: zina shimo la choo, au karo lililofunikwa kwa zege uani, na shimo hilo likijaa lazima yaliyomo yaende mahali. Mwenye uwezo, ambaye gari linafika kwake, huita gari la majitaka. Mwenye nyumba iliyo ndani ya uchochoro ambao hata toroli linapita kwa shida huwaita vyura, vijana wanaoingia shimoni kwa ndoo na koleo, mara nyingi bila buti wala glavu, wakachimba shimo la pili pembeni na kuhamishia humo. Wapo pia, katika baadhi ya mitaa, vijana waliofundishwa kutumia pampu ya mkono, na kazi yao ni safi na ya heshima zaidi.

Halafu kuna kutapisha. Mvua kubwa ya masika ikishuka usiku, katika nyumba za mabondeni mtu huamka akachomoa tofali ubavuni mwa shimo, au akazibua bomba alilolitega tangu kiangazi, na mafuriko yakabeba yaliyomo hadi mtaroni, na mtaro ukapeleka Mto Msimbazi. Siandiki haya kumshitaki mtu, Mheshimiwa. Nimekaa na watu hao. Baba mwenye wapangaji saba na choo kilichojaa, ambaye gari halifiki kwake na bei ya kulilipa inazidi kodi ya chumba, anaisubiri mvua kwa sababu ndiyo huduma pekee anayoimudu. Anajua si vizuri. Asichokijua ni idadi: kwamba katika majitaka ghafi, mililita 100 hubeba kolifomu za kinyesi kati ya milioni moja na milioni mia, na kwamba maji hayo yanapita bondeni chini yake penye kisima cha jirani.

Udongo nao una kazi yake hapa, na unastahili kutajwa. Udongo mkavu ni chujio: majimaji ya chooni yakishuka polepole kwenye mchanga au mfinyanzi usiolowa, bakteria wananaswa, wananyimwa chakula, wanakufa. Wataalamu hupendelea ziwepo walau mita 2 za udongo mkavu kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini. Mabondeni, wakati wa masika, mita hizo hazipo. Maji yanapanda mpaka yanakutana na shimo, na mchanga wetu wa pwani unayapitisha upesi. Kisima kifupi kilichochimbwa hatua chache kutoka chooni, kwa sababu kiwanja chenyewe ni kidogo, kinakunywa kutoka kwenye shimo lile. Yale yanayobaki juu ya ardhi yanadumu vilevile. Kolifomu za kinyesi kwa kawaida hufa udongoni ndani ya siku 20, ingawa zinaweza kufika 70. Mayai ya minyoo ya askarisi yanakaa miezi mingi, yakisubiri kidole cha mtoto anayecheza gololi.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unakata katikati ya jiji, unapita Vingunguti, Kigogo, Jangwani, na kuingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Kingo zake zimelimwa mboga miaka yote ninayoikumbuka. Ukishuka asubuhi utawakuta wakulima wakitembea kati ya matuta na keni mbili mkononi, maji yakinyesha juu ya mchicha, matembele na chainizi. Maji hayo yametoka mtoni, au kwenye kidimbwi kilichochimbwa kando ya mto. Saa chache baadaye mafungu yako sokoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 uliweka kikomo cha kolifomu 1,000 katika mililita 100 kwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi. Mwongozo wa 2006 uliacha namba hiyo moja na kuangalia mlolongo mzima, kuanzia shambani hadi jikoni, kwamba kila hatua ipunguze hatari kiasi chake. Mojawapo ya hatua hizo ni kuacha kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna, kwa kuwa juani, juu ya majani, bakteria wengi hufa ndani ya wiki 2. Ushauri mzuri, Mheshimiwa, lakini mchicha hung'olewa una wiki 3 au 4 tu, na ukikosa maji siku 2 za jua la Januari unanyauka tutani. Mkulima hawezi kuufuata ushauri huo. Anachoweza ni kumwaga chini, kwenye shina, badala ya juu ya majani. Kuacha maji yatulie kidimbwini bila kukoroga tope. Na mama wa nyumbani anaweza kupika mboga mpaka ichemke sawasawa, na kachumbari kuifanya kwa mboga aliyoiosha kwa maji yaliyotiwa dawa. Haya madogo yanafanyika pale mtu anapoambiwa maji yake yako vipi. Bila kuambiwa, maji ya leo na maji ya wiki iliyopita kwake ni mamoja.

Naomba hapa niweke neno la kuwaombea wakulima hao. Kila mara jambo la maji ya Msimbazi linapozungumzwa, hofu yao ni kwamba watafukuzwa, mboga zikang'olewa mbele ya kamera, na baada ya muda wakarudi kwa sababu hawana pengine pa kulima. Tafadhali sana, Mheshimiwa, namba ninazoomba zibandikwe zisigeuzwe fimbo ya kuwapigia. Hawakuyachafua maji hayo. Wao ndio wanaosimama ndani yake, miguu mitupu, kutwa nzima.

Kuna jambo moja linalonipa moyo katika habari hii yote, nalo ni mabwawa ya kutibu majitaka. Ni tekinolojia nyenyekevu: majitaka yanaingia bwawa la kwanza, lenye kina na lisilo na hewa, uchafu mzito unatua, yanahamia la pili na la tatu, yenye maji ya kina kifupi, ambako mwani unaota, jua linapenya, asidi ya maji inapungua mpaka yanakuwa na hali ya magadi ambayo bakteria wa matumboni hawaipendi. Jua, magadi na siku za kukaa, basi. Mabwawa yaliyosanifiwa vizuri na kutunzwa hupunguza kolifomu mara elfu na zaidi bila umeme wala kemikali, na Tanzania haijapungukiwa jua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mabwawa yake, na wahandisi wake wamesomesha wengi juu ya jambo hili. Lakini tope lisipotolewa kwa wakati, bwawa linajaa, maji yaliyotakiwa kukaa siku nyingi yanapita kwa siku chache, na yanatoka na bakteria karibu kama yalivyoingia. Kwa macho hutaona tofauti. Maji yote mawili ni ya kijani. Kisahani ndicho kinachosema, na kwa sababu hiyo naomba mdomo wa kutokea wa kila bwawa nao upimwe na majibu yake yabandikwe pamoja na ya visima, maana maji ya Vingunguti yakitoka bwawani yanaingia Msimbazi.

Kuhusu bomba nitasema kifupi. Maji yanayotoka kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini yakiwa yametibiwa yanaweza kuchafuka njiani, na mgawo ndio mlango. Bomba likikaa tupu, mgandamizo unaondoka. Mpira wa plastiki uliopitishwa ndani ya mtaro na kuungwa kwa kamba ya mpira unavuta kinachouzunguka. Maji yakirudi, ya kwanza kutoka ndiyo yanayokingwa kwa pupa kwenye madumu. Klorini iliyobaki ndani ya maji, walau miligramu 0.2 kwa lita pale bombani kwa mteja, ndiyo ulinzi wa mwisho, na kuipima ni kazi ya dakika moja kwa kidonge na kichupa cha rangi. Ningefurahi sana namba hiyo nayo ikiwa ubaoni.

Mheshimiwa, mwezi Agosti 2015 kipindupindu kiliingia Dar es Salaam, kikasambaa karibu nchi nzima, na hadi mwanzoni mwa 2018 kilikuwa kimewapata watu zaidi ya 30,000 na kuua zaidi ya 500. Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 mwaka huo wa 2015, akaagiza siku hiyo itumike kufanya usafi, na akakitaja kipindupindu. Sote tulishika mafagio. Nakumbuka jinsi watu wa mitaani walivyokuwa na kiu ya kuambiwa: kisima kipi, gati lipi, maji gani tunywe? Walifagia barabara kwa sababu barabara walikuwa wanaiona. Maji yaliyo safi machoni hawakuwa na namna ya kuyajua.

Sisemi kwamba nchi haipimi. Wizara yako ina maabara mikoani, mamlaka za maji zinapima, na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kila mwaka hutoa ripoti ya utendaji wa mamlaka hizo ambayo yeyote anaweza kuisoma. Ninawaheshimu wanaofanya kazi hiyo, ni wenzangu. Lakini ripoti ya mwaka inaeleza mamlaka nzima, kwa asilimia, baada ya miezi mingi. Mtu wa Mchikichini hanywi asilimia. Anakunywa kutoka kisima kimoja, leo jioni, na namba ya kisima hicho, kama imepimwa, iko kwenye faili.

Inawezekana kufanya vinginevyo, na mfano uliosikika dunia nzima ni wa Paris. Julai 2024, wakati wa Olimpiki, mbio za triathloni za wanaume zilizopangwa tarehe 30 zilisogezwa hadi tarehe 31 kwa sababu vipimo vya bakteria katika Mto Seine havikuridhisha, baada ya mvua. Ufaransa ilikuwa imetumia takriban euro bilioni 1.4 kuusafisha mto huo na majitaka yanayouingia, na bado, namba ilipokuwa mbaya, hilo lilitangazwa hadharani na wanariadha wakasubiri. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2006 kuhusu maji ya kuogelea linataka hali ya maji iandikwe palepale ufukweni ambapo watu wanaiona kabla ya kuvua nguo. Wale wanaogelea, tena kwa hiari. Wa kwetu wanakunywa. Fedha za Paris hatuna, lakini kibao chao tunakiweza; ni karatasi, gundi na uaminifu.

Naijua hoja itakayotolewa, kwamba watu watapata taharuki. Naomba kuijibu kwa heshima. Nimeona zaidi taharuki ya wasiojua: uvumi kwamba maji ya mtaa fulani yamewekwa sumu, watu wakaacha gati lenye maji mazuri wakakimbilia kisima kibaya kwa sababu maji yake ni matamu. Mtu akisoma kwamba kisima chake kina E. coli 140, na chini yake imeandikwa achemshe mpaka yatokote au aweke kidonge cha klorini kama maelekezo ya pakiti yanavyosema, na kwamba kisima kitatibiwa na kupimwa tena tarehe fulani, huyo amepewa kazi ya kufanya. Nao wanaohusika na kisima wamepewa tarehe. Pengine hiyo tarehe ndiyo inayoogopwa kuliko taharuki.

Gharama ipo, sitaificha. Chupa, barafu, utando, mafuta ya gari, umeme wa kuweka nyuzi 44.5 bila kuyumba usiku kucha. Kwa visima vingi vidogo si lazima kuanza na kipimo kamili. Kuna kichupa chenye karatasi iliyotiwa dawa, kilichobuniwa na wanasayansi wa India mwaka 1982, ambacho hujazwa maji na kuachwa kwenye joto la kawaida la chumba. Maji yakigeuka meusi ndani ya siku 1 au 2, kisima kinashukiwa na sampuli yake inapelekwa maabara. Bibi afya wa kata anaweza kukitumia, na hata mwalimu wa sayansi na wanafunzi wake. Hakitoi idadi, na kinaweza kukosea, kwa hiyo kisiwe neno la mwisho. Kinatuonyesha tu pa kuanzia.

Najua pia kwamba ubao wa ofisi ya mtaa uko chini ya wizara ya serikali za mitaa, TAMISEMI, afya ya jamii iko kwa Waziri wa Afya, na anayetiririsha uchafu mtoni anashughulikiwa na baraza la mazingira, NEMC. Kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, maji na majitaka vimewekwa mikononi mwako, na ndiyo sababu nimekuja kwako kwanza. Barua moja kutoka kwako kwenda kwa wenzako ina uzito ambao barua zangu mia hazina. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, lakini sikuja na sheria mkononi. Nimekuja kuomba.

Karatasi yenyewe naiona hivi. Iwe ya ukurasa mmoja, kwa maandishi makubwa. Kila chanzo cha maji kitajwe kwa jina ambalo watu wa mtaa wanalitumia, kisima cha nyuma ya soko, gati la kwa mjumbe, na siyo kwa namba ya usajili. Iandikwe tarehe, idadi ya E. coli katika mililita 100, na rangi ya kumsaidia asiyesoma vizuri, kwa kufuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani: sifuri, 1 hadi 10, 11 hadi 100, na zaidi ya 100. Pembeni iwekwe la kufanya, na siku ya kupima tena. Kisima ambacho hakikupimwa mwezi huo kiandikwe kwamba hakikupimwa. Hilo nalisisitiza kwa heshima zote, kwa kuwa nafasi iliyoachwa wazi husomwa kama maji ni salama.

Kama nchi nzima ni mzigo kwa kuanzia, naomba tuanze na kata za bonde la Msimbazi, Vingunguti, Kigogo, Mchikichini na Hananasif, ambako serikali tayari ina mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde, na ambako watendaji wanajua kila kichochoro. Karatasi ya kwanza ibandikwe Februari, kabla ya mvua za masika kuanza Machi, ili watu wawe na mwezi mzima wa kuulizana na kuzoea kuisoma. Wapo wastaafu wa maabara katika jiji hili, nikiwemo mimi, tutakaokaa na wenyeviti na watendaji wa mitaa bila malipo kuwaeleza namba zina maana gani na zisizo na maana ni zipi. Tunachohitaji ni idhini yako, Mheshimiwa, na nakala ya majibu.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,

Mteknolojia mstaafu wa maabara ya maji,
Dar es Salaam.

Nakala: Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI; Waziri wa Afya.